Windows imewekwa upya na Wi-Fi imepotea: mwongozo wa kutatua matatizo ya draiva nyumbani

Maswali ni yale yale. Fundi ameweka Windows upya na sasa Wi-Fi haionekani hata kidogo. Printa imechomekwa na taa inawaka, lakini cheti cha KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hakitoki. Laptopu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa hapa, iliyonunuliwa Moi Avenue iko sawa kwa kila kitu, ila haitoi sauti. Mara nyingi chanzo ni kimoja: draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, haipo, imeharibika, au iliyowekwa ni ya kifaa kingine.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na Windows 11. Majina ya vitufe nimeyaacha jinsi utakavyoyakuta kwenye skrini.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: tambua kifaa kwanza, ndipo upakue. Anayeanza kwa kutafuta ovyo mtandaoni huishia na programu asizozijua, bando limekwisha na tatizo liko palepale.

Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta pamoja na chaja yake. Laptopu iwe na angalau nusu ya betri. Kama ni kompyuta ya mezani na siku hiyo stima inapotea potea mtaani kwenu, ahirisha kazi. Stima ikikatika draiva ya skrini au ya diski ikiwa inaandikwa, unaweza kuamkia mashine isiyowaka vizuri.
- Nywila ya akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Bila hiyo Windows haitakuruhusu kusakinisha.
- Simu ya Android na kebo ya USB inayopitisha data. Kebo nyingi za bei rahisi huchaji tu. Njia ya kujua ni kuchomeka simu na kuona kama kompyuta inaonyesha picha zilizomo.
- Flashi, iwapo itabidi upakue kwenye kompyuta nyingine au saiba.
- Bando la kutosha. Draiva ya Wi-Fi huwa ya makumi ya MB, lakini ya kadi ya picha ya NVIDIA au kifurushi kizima cha printa hufika mamia ya MB.

Hatua za kazi

1. Hakikisha tatizo ni draiva kweli. Kama sauti haitoki, bofya alama ya spika karibu na saa uone sauti inaelekezwa wapi. Ukiwa uliwahi kuunganisha TV kwa HDMI, huenda Windows bado inaipeleka huko. Kama ni Wi-Fi, angalia safu ya juu ya kibodi: laptopu nyingi zina kitufe cha kuzima mawimbi, chenye picha ya ndege au ya mnara. Kifaa cha USB kichomeke kwenye tundu jingine la kompyuta yenyewe.

Kisha chagua "Restart", wala si "Shut down". Windows ina mpangilio wa kuwaka haraka ambao ukizima kompyuta huhifadhi hali ya mfumo, draiva zikiwemo, na kuirudisha unapowasha. "Restart" ndiyo inayoanza kila kitu upya.

2. Weka mahali pa kurudi. Fungua Start, andika "Create a restore point", ifungue. Chagua diski C. Kama ulinzi umezimwa, bofya "Configure" uuwashe, halafu bofya "Create" na uipe "restore point" hiyo jina unalolikumbuka. Mambo yakiharibika utaweza kurudisha kompyuta jinsi ilivyokuwa. Watu huruka hatua hii kwa sababu haionekani kuleta faida yoyote. Tafadhali usiiruke.

3. Fungua Device Manager. Bofya kulia kitufe cha Start na uchague "Device Manager". Kifaa chenye pembetatu ya manjano na alama ya mshangao kina hitilafu. Chenye mshale mdogo unaotazama chini kimezimwa tu: kibofye kulia, chagua "Enable device", na huenda kazi ikaishia hapo. Vifaa ambavyo Windows haivitambui hukaa chini ya "Other devices".

Bofya kifaa hicho mara mbili na usome kisanduku cha "Device status". Andika nambari ya "Code" utakayoiona. Utaihitaji baadaye.

4. Soma kitambulisho cha kifaa. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hivyo nenda polepole. Katika dirisha lile lile bofya "Details". Kwenye orodha ya "Property" chagua "Hardware Ids". Utaona mistari inayofanana na hii:

PCI\VEN_8086&DEV_24F3

Herufi nne baada ya VEN zinamtaja mtengenezaji wa chipu, na nne baada ya DEV zinataja kifaa chenyewe. 8086 ni Intel. 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, na 14F1 ni Conexant. Kwa vifaa vya USB utaona VID na PID badala yake: 03F0 ni HP, 04A9 ni Canon, 04B8 ni Epson.

Mfano huo wa juu, 8086 na 24F3, ni Intel Dual Band Wireless-AC 8260, kadi ya Wi-Fi utakayoikuta kwenye HP EliteBook 840 G3 nyingi zinazouzwa hapa Nairobi. Kwa kuisoma mistari hiyo tu umeshajua unatafuta nini, na huhitaji kubahatisha.

Chukua mashine hiyo hiyo kwa upande wa sauti. Watu hupakua draiva ya Realtek kwa sababu kila mtu amesikia jina la Realtek, inakataa, wanapakua nyingine, nayo inakataa. Wangeitazama Hardware Ids wangeona HDAUDIO ikifuatiwa na VEN_14F1. Sauti ya laptopu hiyo ni ya Conexant. Draiva ya Realtek haitaingia hata ukiijaribu mara mia.

Majina mengine huwatisha watu bure. "PCI Simple Communications Controller" yenye VEN_8086 ni Intel Management Engine, na draiva yake iko kwenye ukurasa wa laptopu yako, sehemu ya chipset (chipu kuu za ubao wa kompyuta). "SM Bus Controller" pia hutulizwa na draiva za chipset. "Base System Device" mara nyingi ni kisomaji cha kadi za kumbukumbu. "Unknown device" yenye ACPI\HPQ0004 kwenye HP, au ACPI\SMO8800 kwenye Dell, ni kihisi kinacholinda diski laptopu ikianguka. Kama laptopu yako imeshawekewa SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, kihisi hicho hakina cha kulinda. Ukiiacha alama hiyo ya manjano hutapungukiwa na kitu.

5. Jua modeli na aina ya mfumo. Bofya kulia Start, fungua "Terminal" au "Windows PowerShell", andika:

Get-CimInstance Win32_BIOS

Kwenye "SerialNumber" utapata nambari ya mashine. Kwa Dell, hiyo ndiyo Service Tag. Iamini hii kuliko stika iliyo chini ya laptopu, kwa maana mashine za ex-UK wakati mwingine huwa zimebadilishwa kava, na stika ikawa ya mashine nyingine kabisa.

Halafu nenda Settings, System, About, usome "System type". Mfumo wa biti 64 unahitaji draiva ya biti 64. Ya biti 32 haitafanya kazi hapo.

6. Pata intaneti kupitia simu. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote: nitapakuaje draiva ya Wi-Fi wakati sina Wi-Fi? Chomeka simu ya Android kwa kebo. Kwenye simu fungua mipangilio ya hotspot, uwashe "USB tethering". Baada ya muda mfupi kompyuta itaona mtandao kana kwamba umechomeka waya, bila draiva ya ziada. iPhone huhitaji draiva yake yenyewe kwanza, kwa hivyo azima Android ya jirani.

Angalizo la bando: Windows huuchukulia mtandao huo kama waya wa kawaida, na inaweza kuanza kushusha masasisho makubwa papo hapo. Nenda Settings, Network & internet, Ethernet, uwashe "Metered connection". Hilo linaweza kuizuia Windows kujiletea draiva yenyewe, lakini wewe bado unaweza kupakua kwa kivinjari bila shida.

7. Pakua mahali panapofaa. Kama una faiba nyumbani, anza na Windows Update: Advanced options, Optional updates, Driver updates. Kifaa chako kikiwa kwenye orodha, kiwekee tiki na usubiri. Kisipokuwepo, fuata mpangilio huu:

Kwanza tovuti ya aliyetengeneza laptopu. Andika anwani mwenyewe kwenye kivinjari: support.hp.com, dell.com/support, au support.lenovo.com. Weka nambari ya hatua ya 5. Tovuti ikikuambia hakuna draiva za Windows 11 kwa modeli yako, badilisha chaguo la mfumo liwe Windows 10 ya biti 64. Laptopu za Intel za kizazi cha 6 na cha 7, isipokuwa chache, hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, ila draiva zao za Windows 10 kwa kawaida hufanya kazi.

Ikishindikana, nenda kwa mtengenezaji wa chipu uliyemtambua katika hatua ya 4: intel.com, nvidia.com, amd.com. Mwisho kabisa kuna catalog.update.microsoft.com. Bandika pale sehemu ya kitambulisho, kwa mfano VEN_8086&DEV_24F3, uchague draiva ya mfumo wako. Utapata faili la .cab.

8. Sakinisha. Faili la .exe lifunguliwe kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator". Faili la .zip lifungue kwanza kwa "Extract All", kwa sababu kisakinishi kinachoendeshwa ndani ya zip mara nyingi hukosa mafaili yake mengine. Faili la .cab litengenezee folda mpya, kisha kwenye Terminal uandike:

expand -F:* C:\njia\faili.cab C:\draiva

Kisha rudi Device Manager, bofya kulia kifaa, chagua "Update driver", halafu "Browse my computer for drivers". Elekeza kwenye folda, hakikisha "Include subfolders" ina tiki, ubofye Next.

Watumiaji wa HP, zingatieni hili: mafaili yao, yale yanayoanza na sp na kufuatwa na tarakimu, hujifungua ndani ya C:\SWSetup hata kama kisakinishi chenyewe kitalalamika na kukataa kuendelea. Usikate tamaa pale. Elekeza Device Manager kwenye folda hiyo, na mara nyingi draiva itaingia.

9. Restart, kisha uhakikishe. Rudi Device Manager uone alama ya manjano imeondoka. Kitumie kifaa: cheza wimbo, unganisha Wi-Fi, fungua kamera. Baada ya hapo ndipo ushughulikie kifaa kingine. Draiva moja kwa wakati. Ukiweka nne kwa mpigo na kompyuta ikaanza kuganda, hutajua ya kulaumu.

Printa zina tabia zake

Kosa kubwa la printa za USB ni kuchomeka kebo kabla ya wakati. Printa nyingi zinataka uanze na programu, na kebo ichomekwe pale tu skrini inapokuambia. Ukitangulia, Windows huipa printa draiva ya jumla, na unabaki na printa inayoonekana lakini haichapi.

Ukiwa umeshatangulia, chomoa kebo. Nenda Settings, Bluetooth & devices, Printers & scanners, uiondoe printa kwa "Remove". Restart. Sakinisha programu kutoka kwa mtengenezaji, uchomeke kebo ikiombwa.

Baadhi ya HP LaserJet, kama P1102 iliyojaa maofisini na majumbani, hujitokeza kama diski ya CD unapozichomeka. Hiyo si hitilafu. Draiva imehifadhiwa ndani ya printa yenyewe. Kwenye kompyuta ya leo, hata hivyo, nakushauri uchukue iliyo mpya kwenye tovuti. Vijiti vingine vya USB vya Wi-Fi hufanya vivyo hivyo: vinajionyesha kama CD, na vinageuka kuwa Wi-Fi baada ya draiva kuingia.

Kama orodha ina printa mbili za jina moja, ya pili ikiandikwa "Copy 1", huenda ulibadilisha tundu la USB. Ile isiyotumika itaonekana "Offline". Ifute, uifanye iliyobaki kuwa chaguo la kawaida.

Na kazi ikikwama kwenye foleni isitoke wala isifutike, fungua Command Prompt kama msimamizi:

net stop spooler

Futa yaliyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, yaani yaliyomo tu, folda ibaki. Halafu:

net start spooler

Makosa ya kuepuka

Programu zinazojinadi kwamba zitakutafutia na kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja, ziache. Nyingi hudai malipo baada ya kukutisha kwa orodha ndefu ya "hitilafu", na nyingine hukuwekea draiva isiyo ya kifaa chako au matangazo yasiyokwisha. Hakuna kazi zinayofanya ambayo hatua ya 4 na ya 7 haziwezi.

Usibofye kila kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Download". Kwenye tovuti nyingi hilo ni tangazo.

Usisasishe draiva ya kifaa kinachofanya kazi vizuri kwa sababu tu umeona toleo jipya. Kadi ya picha kwa anayecheza michezo ni habari nyingine, na masasisho ya usalama pia. Kwa mengine, kizuri kiache.

Sasisho la BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, si draiva, hata likiwa kwenye ukurasa mmoja na draiva. Usiliguse kama huna sababu, na kamwe usilifanye bila chaja. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa ufunguo wa siri, Windows inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha baada ya sasisho hilo, kwa hivyo uwe umeshauhifadhi.

Ukipakulia saiba, flashi yako ichanganue kwa Windows Security kabla ya kufungua chochote.

Bado inakataa?

Rudi kwenye ile nambari ya "Code".

*Code 28:* draiva haipo kabisa. Rudia hatua ya 4 hadi ya 8.

*Code 10:* kifaa kimeshindwa kuanza. Bofya kulia, "Uninstall device", weka tiki ya kufuta draiva yenyewe, Restart, kisha weka ile ya mtengenezaji wa laptopu. Ikikataa tena, jaribu toleo la zamani zaidi kwenye ukurasa huo huo.

*Code 39:* faili la draiva limeharibika au halipo. Tiba ni ile ile ya Code 10.

*Code 43:* Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu kimeripoti hitilafu. Zima kompyuta, chomoa chaja na vifaa vyote, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha uwashe. Kifaa cha USB kijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kikikataa huko pia, kimeharibika, na hakuna draiva itakayokifufua.

*Code 45:* kifaa hakijachomekwa. Hiyo ni kumbukumbu tu ya kifaa kilichowahi kuchomekwa.

*Code 52:* Windows haikuweza kuthibitisha saini ya draiva. Utaona watu wakifundisha jinsi ya kuuzima ukaguzi huo. Usiuzime. Draiva huingia kwenye kiini cha mfumo, na iliyochezewa inaweza kufanya lolote ndani ya kompyuta unayotumia kwa benki na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Tafuta toleo jipya lililotiwa saini.

Draiva ya zamani inaweza pia kuzuiwa na "Memory integrity", ulinzi wa Windows dhidi ya draiva hatari. Fungua Windows Security, Device security, Core isolation, uone kama imetajwa kwenye orodha ya zisizokubaliana. Hapa pia, tafuta mpya kabla ya kufikiria kuzima ulinzi.

Kama kifaa kilikuwa sawa hadi sasisho lilipoingia, fungua "Properties", kichupo cha "Driver", ubofye "Roll Back Driver". Skrini ikiwa nyeusi tangu draiva ya picha iingie, zima mashine kwa kushikilia kitufe cha kuwasha wakati nembo inapotokea, urudie mara mbili au tatu, hadi ukurasa wa marekebisho ufunguke. Chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4 uingie Safe Mode, hali ambapo Windows huwaka na draiva za msingi tu, na uiondoe draiva hiyo.

Anayependa kuchimba afungue C:\Windows\INF\setupapi.dev.log. Kila usakinishaji umeandikwa humo, na mistari yenye alama tatu za mshangao ndiyo yenye makosa.

Kabla fundi hajaweka Windows upya

Kama kompyuta bado inawaka na vifaa vyake vinafanya kazi, chomeka flashi, tengeneza folda iitwayo draiva, ufungue Terminal kama msimamizi. Ikiwa flashi ni D, andika:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Draiva ambazo hazikuja na Windows yenyewe zitanakiliwa humo. Windows mpya ikishaingia, chomeka flashi tena:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Fanya hivi kabla ya kumkabidhi fundi mashine, na flashi ibaki nyumbani.